Lenzi haijafa! Ukiona vyaelea, vimeundwa

Leo sitaandika kuhusu programu wala tovuti. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na maneno mawili ambayo yamezika deki nyingi kuliko vumbi na kupotea kwa stima vikiwekwa pamoja. Maneno ni haya: "Lenzi imekufa."

Mnayajua. Unapeleka deki ya DVD au draivu ya kompyuta kwa fundi. Anaiwasha, inagomagoma, na kabla hata hajashika bisibisi hukumu imeshatoka. Lenzi imekufa, nunua nyingine. Ukikataa kununua, anafungua kifuniko na kuzungusha kile kijiskrubu kidogo kilicho ubavuni mwa kichwa cha leza, "tuiongezee nguvu kidogo". Unalipa, unaenda nyumbani, na baada ya wiki chache leza inakufa kweli. Sasa fundi amekuwa nabii!

Yalimpata dada yangu. Ana DVD moja iliyorekodiwa mwaka 2007, shosho yetu ameketi nje ya jikoni akisimulia alivyoolewa na watoto aliowazika. Shosho hayupo tena, na nakala ni hiyo moja tu. Deki ikawa inacheza dakika ishirini za kwanza vizuri kabisa, picha safi, kisha inakwama. Ukiweka diski nyingine, hadithi ni ile ile: mwanzo safi, mbele inakwama. Fundi akasema lenzi imekufa. Akazungusha kijiskrubu. Ikakwama pale pale.

Ndugu msomaji, hebu tufikiri pamoja. Maiti gani huongea kwa dakika ishirini?

Hapo ndipo penye hoja yangu ya leo. Diski haisomwi na mwanga peke yake. Mwanga ni sehemu rahisi. Kazi ngumu ni kuuweka ule mwanga mahali pake na kuushikilia hapo. Asiyeelewa jambo hilo hawezi kutengeneza deki, hawezi kuchoma diski itakayodumu, na hana haki ya kumwambia mtu kumbukumbu zake zimekwisha.

Tuanze na vipimo. CD ilianza kuuzwa Japani mwaka 1982, kazi ya Philips na Sony. Ina njia moja tu inayojizungusha kama konokono kuanzia ndani kwenda nje, na ukiinyoosha inazidi kilomita 5. Kutoka katikati ya mzunguko mmoja hadi katikati ya unaofuata ni mikromita 1.6. Mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwa chako, wenye unene wa kama mikromita 70, ukiulaza juu ya CD unafunika njia zaidi ya arobaini. Kwenye DVD nafasi hiyo ni mikromita 0.74, na kwenye Blu-ray ni 0.32.

Sasa tuikuze CD mara milioni moja ili tuione vizuri. Njia zinapishana kwa mita 1.6, kama vijia vya shambani. Diski yenyewe ina upana wa kilomita 120, umbali unaozidi safari ya Nairobi hadi Naivasha. Lenzi iko juu angani zaidi ya kilomita moja, na ardhi inapita chini yake kwa kilomita 1,200 kila sekunde. Si hayo tu. Hakuna diski iliyo sawa kabisa. Tundu la katikati haliko katikati hasa, kwa hiyo kila mzunguko njia inayumba kushoto na kulia, na kiwango kinaruhusu hadi mita 70 kila upande. Diski pia imepinda kidogo, hivyo ardhi inapanda na kushuka mamia ya mita. Na bado mwanga lazima ukae kwenye kijia bila kukosea zaidi ya kama sentimita kumi, na ulengo wake usipotee zaidi ya mita mbili juu au chini.

Hiyo ndiyo kazi iliyofanywa na deki ya bei rahisi kabisa, ile iliyokaa juu ya kabati ikicheza filamu za DVD za barabarani. Halafu mtu anaiita takataka.

Inafanyaje? Lenzi haijafungwa kwa skrubu. Inaning'inia kwa nyaya nyembamba kama nyuzi, kwa kawaida nne, na pembeni yake kuna koili ndogo na sumaku. Umeme ukipita kwenye koili, lenzi inasogea. Ni ujanja ule ule wa spika ya redio yako. Koili moja inapandisha na kushusha lenzi, nyingine inaivuta kushoto na kulia. Wazee walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Walikuwa wakisema juu ya vyombo vya baharini, lakini hapa lenzi inaelea kweli kweli.

Nani anaiambia lenzi isogee wapi? Diski yenyewe. Mwanga unaorudi kutoka kwenye diski unapitia kioo kilichopindwa makusudi, kisha unaangukia sensa iliyogawanywa vipande vinne. Ulengo ukiwa sawa, doa la mwanga ni duara, na vipande vyote vinapata sawa. Lenzi ikikaribia mno, doa linakuwa kama yai lililolala upande mmoja. Ikiwa mbali mno, yai linalalia upande wa pili. Jumlisha vipande viwili vinavyotazamana kwa pembe, toa jumla ya vile viwili vingine. Ukipata sifuri, tulia. Ukipata chanya au hasi, sukuma koili. Ni kutoa tu! Hesabu ya darasa la pili, ila inafanywa bila kupumzika.

Kwa kushoto na kulia, CD nyingi hutumia miale mitatu: mmoja wa kusoma katikati, na miwili ya pembeni inayoegemea kingo za njia. Mmoja ukipata mwanga zaidi ya mwenzake, tumeanza kupotea njia, rudi. Tena ni kutoa.

Lakini koili zinaweza kusogeza lenzi masafa mafupi tu. Kwa safari ndefu, kutoka ndani ya diski hadi nje, kichwa chote hupanda kijigari kinachoteleza juu ya vyuma viwili, kikisukumwa na mota na gia. Koili ni mkono, kijigari ni miguu. Mkono ukinyooka sana, miguu inapiga hatua.

Sasa rudi kwa deki ya dada yangu. Mwanzo wa diski uko ndani, karibu na katikati. Inasoma mwanzo vizuri, maana yake leza ni nzima, lenzi ni nzima, sensa ni nzima. Inakwama inapoelekea nje, na inakwama kwa kila diski. Ni nini hicho? Ni miguu! Nilipofungua nilikuta grisi imekauka na kuwa kama gundi, na uzi wa nguo umejisokota kwenye gia. Kijigari kilikwama, lenzi ikanyoosha mkono hadi mwisho, kisha ikapoteza njia. Nikasafisha vyuma, nikaweka grisi mpya kidogo sana. Shosho akaendelea kusimulia kuanzia alipokatizwa.

Simdharau fundi. Leza huzeeka, na kuna siku jibu la kweli ni kununua kichwa kipya. Ninachokataa ni hukumu bila ushahidi. Diski moja ikisumbua na nyingine zikicheza, tazama diski. Zote zikikwama mbele, tazama kijigari. Hakuna kinachosomwa kabisa, angalia vumbi juu ya lenzi, ule utepe wa nyaya unaokunjwa kila siku, na mota inayozungusha diski, kabla ya kushitaki leza. Na kijiskrubu kile kiacheni! Kuongeza nguvu ya leza ili kuponya gia iliyokwama ni kama kumpigia kelele mtu aliyefungwa miguu.

Na nyinyi waandishi wa programu wenzangu, msicheke. Nanyi mna hukumu yenu, nayo ni mbaya zaidi: "Hayo ni mambo ya vyuma, sisi tunashughulika na data." Mnaongea kana kwamba data huelea angani. Nendeni mkaangalie namna CD inavyoandika baiti moja. Biti 8 zinageuzwa kuwa 14, kisha zinaongezwa 3 za kuunganisha. Jumla 17 kwa ajili ya 8. Zile 3 hazibebi habari yoyote. Zinachaguliwa ili vishimo visikaribiane mno wala visiachane mno, na ili mwangaza unaorudi usipande na kushuka polepole ukaichanganya mitambo inayoshikilia lenzi kwenye njia. Umeona? Msimbo wenyewe ulitungwa kwa heshima ya lenzi. Waliotunga hawakusema "hayo ni mambo ya vyuma". Walijua kwamba data isiyo na mahali haipo.

Kuandika ni hivyo hivyo. CD tupu ya kuchoma si tupu. Ina mfereji uliochongwa kiwandani, na mfereji huo unatikisika kidogo sana, mara 22,050 kwa sekunde kwa kasi ya kawaida. Ndani ya mtikisiko huo mna anwani: uko dakika gani, sekunde gani. Bila mfereji huo, leza ya kuandika ingekuwa kama dereva usiku bila taa. Mnakumbuka zamani tulivyoambiana "Usiguse kompyuta, inachoma CD"? Data ikichelewa kidogo tu, diski iliharibika, kwa sababu kichwa hakikuweza kusimama na kurudi mahali pale pale. Mwaka 2000 Sanyo wakaleta BURN-Proof, draivu ikaweza kusimama, kungoja, na kuendelea pale ilipoachia. Tukasifu programu zetu za kuchoma. Aliyestahili sifa ni anayejua kurudi mahali pake.

Na ile tabia ya kuchoma kila kitu kwa 52x? Kwa kasi hiyo diski inazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 170 kwa sekunde. Diski inayoyumba mikromita 70 inailazimisha lenzi iifuate huku na huku, na ukifanya hesabu, msukumo unafika karibu mara nane ya mvutano wa dunia. Kwa filamu ya jioni moja, sawa. Kwa harusi ya mtu, punguza kasi! Utakunywa chai ukingoja, hutakufa.

Kwa nini napiga kelele leo? Kwa sababu muda unakwisha. MacBook Air ilitoka mwaka 2008 bila draivu ya diski, na leo ni kazi kupata laptopu mpya iliyo nayo. Mwezi Februari 2025 Sony waliacha kutengeneza diski za Blu-ray za kurekodia. Huku kwetu, mabati yamejaa harusi, mazishi, mahubiri na masimulizi ya wazee kwenye CD na DVD zilizochomwa miaka ya 2000, nyingi zikiwa nakala moja. Watu wanadhani kumbukumbu iko kwenye diski. Nusu yake tu ndiyo iko kwenye diski. Nusu nyingine ni lenzi inayoelea na kijigari kinachoteleza. Kila draivu nzima inayotupwa kwa sababu ya grisi iliyokauka ni funguo inayotupwa huku sanduku likiwa bado limefungwa.

Basi fanyeni hivi. Msitupe draivu za zamani. Wekeni mbili, tatu. Lenzi isafishwe kwa pamba laini bila kuikandamiza, kwa maana inashikiliwa na nyuzi. Usiwashe mashine iliyofunguliwa ukachungulia leza, ya CD huioni sawasawa lakini jicho linaweza kuumia. Na kubwa kuliko yote, nakilini diski zenu wiki hii, wakati bado kuna mitambo inayojua njia. Ya shosho sasa iko kwenye diski kuu mbili, katika nyumba mbili.

Fundi akikuambia lenzi imekufa, muulize swali moja tu: "Umeona wapi kaburi?" Mwenye kupinga na apinge, uwanja ni wenu. Kwa leo naweka kalamu chini.