Mfamasia alipwe kwa ushauri, si kwa vidonge

Nilipotea kidogo, koo lilinishika. Mnaoishi hapa Dodoma mnaujua upepo wa Agosti na vumbi lake. Jumamosi nikaingia duka la dawa la jirani, nikajieleza. Muuzaji akaniuliza swali moja tu: "Kaka, nikupe dozi nzima au nusu?"

Hakuuliza kama nina homa, wala nimeumwa siku ngapi. Nikatoka na amoksilini mkononi, mwandishi mzima! Rafiki yangu mfamasia akanicheka: koo la namna hiyo mara nyingi ni virusi, hupona lenyewe, na antibiotiki haiui virusi.

Lakini jamani, yule binti angeniambia "kaka, sukutua kwa maji ya chumvi, utapona", angepata shilingi ngapi? Hata moja. Hapo ndipo penye tatizo.

Simaanishi kuyabeza maduka haya. Mwaka 2003 TFDA (sasa TMDA) ilianzisha mpango wa Duka la Dawa Muhimu mkoani Ruvuma, kuchukua nafasi ya yale maduka ya dawa baridi. Wauzaji wakafundishwa, wakaruhusiwa kutoa baadhi ya dawa za cheti, kisha mpango ukaenea mikoa mingine. Kwa wengi kule Bahi au Kongwa, mlango wa kwanza wa tiba ni duka. Kuwaambia waende hospitali kwa kila kikohozi ni kujidanganya.

Tangu Januari 2024, wafamasia wa England wanatibu maradhi saba ya kawaida, likiwemo koo, bila mgonjwa kupitia kwa daktari. Kilichonivutia ni malipo: mfamasia analipwa kwa kumsikiliza na kumshauri mgonjwa, awe ametoa dawa au hakutoa.

Mtasema wale wana digrii, huku kwetu madukani wengi wamepata mafunzo ya wiki chache tu. Kweli kabisa. Basi tuanze na famasi zenye mfamasia, orodha fupi ya maradhi, na barua ya rufaa kwa anayeonyesha dalili za hatari. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge hapa hapa Dodoma mwaka 2023. Bima hiyo ilipie na ushauri.

Tukimwongezea mfamasia madaraka huku tukimwacha aishi kwa kuuza vidonge, tutakuwa tumeongeza wauzaji tu.

Mnasemaje wadau?