Skuli ndogo za Mji Mkongwe

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, kutoka 1,303,569 mwaka 2012, lakini ongezeko hilo halikugawika sawa. Wilaya ya Mjini, yaani Mji Mkongwe pamoja na mitaa ya Ng'ambo, ilishuka kutoka watu 223,033 hadi 219,007, huku Magharibi, ambayo sasa imegawiwa A na B, ikipanda kutoka 370,645 hadi zaidi ya 670,000. Anayeona skuli ya msingi ya Mji Mkongwe ikipungukiwa wanafunzi akakimbilia kuwalaumu walimu, aanze na hesabu hizi. Familia zinajenga Fuoni na Mwanakwerekwe, huko Magharibi. Nyumba za Shangani na Kiponda walimolelewa watoto zinageuzwa za wageni, na mgeni wa wiki moja haandikishi mtoto darasa la kwanza.

Wapo watakaosema: kama watoto wamehamia shamba, na huko madarasa yamefurika hadi wanasoma kwa mikondo miwili, ya nini kuziweka wazi skuli ndogo za mjini? Hoja hiyo ni nzito, nami naikubali nusu. Mwalimu anaweza kuhamishwa, na pengine inafaa ahamishwe. Jengo halihamishiki, na likishapewa kazi nyingine halirudi: jengo la Mambo Msiige, hapo hapo Mji Mkongwe, lilikuwa na ofisi za Serikali, leo ni hoteli. Tena skuli ikifungwa, familia zilizobakia hukosa sababu ya kubakia, na mwaka unaofuata idadi hushuka zaidi. Kisha upungufu huo huo hutolewa kuwa ushahidi kwamba skuli haikuhitajika. UNESCO iliutia Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Sioni urithi huo unalindwaje mtaani pasipo na watoto.

Isitoshe, anayesoma mjini si lazima alale mjini. Mzazi anayeuza Darajani au anayefanya kazi Mnazi Mmoja ana sababu ya kuja na mwanawe asubuhi kwa daladala. Elimu bure aliyoitangaza Rais wa kwanza, Mzee Abeid Karume, tarehe 23 Septemba 1964 ni haki ya mtoto huyo pia. Kwa hiyo, kabla ya kuamua lolote, Wizara ya Elimu iihesabu kila skuli kwa shehia wanazotoka wanafunzi wake, na hesabu hiyo ibandikwe hadharani wazazi waisome.