Eropleni za Vita za Kuchezea

Kila mwaka, pamba ikisha kuchumwa na mtama ukisha kuingizwa ghalani, mashamba ya Bariadi, ya Itilima na ya Maswa hubaki wazi, na mabua makavu hupatikana kila mahali. Huo ndio wakati wa watoto kuketi chini ya mti, kila mmoja na kisu chake, wakitengeneza vitu vya kuchezea. Mmoja hutengeneza motokaa, mwingine nyumba. Tena wako wapendao eropleni, na katika eropleni hupenda zaidi zile za vita, zenye bunduki mabawani na mabomu tumboni.

Juu ya jambo hili watu wazima hawapatani. Wako wasemao kwamba mtoto achezaye na mfano wa silaha anajifunza kuua, na ya kuwa mabua yale yafaa kutiwa motoni pamoja na eropleni zake. Wako wengine wasemao, “Mtoto akililia wembe, mpe,” nao hupita njia yao bila kutazama. Mimi sikubaliani na hawa wala na hawa. Maoni yangu ni haya: mtoto aachwe atengeneze eropleni ya vita, lakini aitengeneze kwa kipimo, na ajue habari za eropleni ile ya kweli aliyoiiga. Pasipo mambo hayo mawili, kazi yake ni bure. Yakiwapo, kazi hiyo ni shule.

Kwanza natuangalie jinsi kazi hii inavyofanywa na watu walioiendeleza sana. Katika nchi nyingi za Ulaya na Amerika wako watu, wakubwa kwa wadogo, watengenezao eropleni za vita za mfano ambazo upana wake, toka ncha ya bawa moja hata ncha ya bawa la pili, waweza kuzidi urefu wa mtu mzima. Eropleni hizo zina injini ndogo na rafadha, nazo huruka kweli. Lakini haziachwi ziende zitakako. Hufungwa kwa nyaya mbili nyembamba za chuma, na mwenye kuirusha husimama katikati ya kiwanja akishika mpini wenye nyaya hizo. Eropleni humzunguka, naye hugeuka pamoja nayo. Mmarekani mmoja, Jim Walker wa mji wa Portland, ndiye aliyeieneza sana namna hii ya kurusha. Alianza kuuza eropleni yake iitwayo Fireball mwaka 1940.

Nyaya zile mbili hazikuwekwa ili kuizuia eropleni tu. Ndizo ziiongozazo. Hupita katika bawa la kushoto, zikafika kwenye kipande cha bati chenye pembe tatu, kinachozunguka juu ya msumari ndani ya kiwiliwili. Toka kipande hicho kijiti hupita nyuma mpaka kwenye kibawa cha mkia. Mtu akiinamisha mkono hivi, waya mmoja huvutwa, kibawa cha mkia huinuka, na pua ya eropleni huelekea juu. Akiuinamisha vile, waya wa pili huvutwa, na pua hushuka. Basi mkono mmoja, nyaya mbili na kipande cha bati vyatosha kuipandisha na kuishusha.

Tazameni sasa hesabu iliyomo katika mchezo huu. Tuseme eropleni ina uzito wa kilo 2, nyaya zina urefu wa mita 20, na mwendo wake ni kilometa 80 kwa saa. Duara lile lina mzingo wa mita 126 hivi, na eropleni hulizunguka kwa muda usiofika sekunde 6. Kwa mwendo huo huuvuta mkono wa mtu kama mzigo wa kilo 5. Je, mwendo ukiongezwa mara mbili, mvuto nao utaongezeka mara mbili? Sivyo. Utaongezeka mara nne, uwe kama mzigo wa kilo 20. Mtu asiyejua hesabu hiyo atachagua waya dhaifu, waya utakatika, na eropleni itamwendea mtu aliyesimama pembeni. Ndiyo maana nasema kipimo si pambo. Kipimo ni usalama wa jirani.

Tena kipimo ndicho kigeuzacho mchezo kuwa elimu. Zamani za vita vya mwaka 1939 hata 1945 Waingereza walikuwa na eropleni iitwayo Mosquito, yaani Mbu, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 25 Novemba 1940. Mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 16.5. Mtoto atakaye kuiiga kwa sehemu moja ya kumi hana budi kuyafanya mabawa yake kuwa na upana wa mita 1.65, na kila kitu kingine vivyo hivyo kwa sehemu moja ya kumi: kiwiliwili, mkia na magurudumu. Akifuata kipimo katika bawa akakiacha katika mkia, ameiga kitu kisichokuwako duniani.

Eropleni hiyo ya Mbu yatufaa kwa sababu nyingine pia. Ilitengenezwa kwa mbao, na sehemu zake nyingi zilifanyizwa na maseremala waliozoea kutengeneza viti na makabati. Basi fundi wa mbao asidharauliwe. Hata pamba ina habari yake katika jambo hili. Katika vita vya mwaka 1914 hata 1918 mabawa ya eropleni yalivikwa kitambaa cha kitani, kisha kikapakwa dawa ya kukikaza. Kitani kilipokuwa haba, Wamarekani walifuma kitambaa cha pamba kwa kazi hiyo hiyo. Mtoto wa Meatu au wa Busega anayeona marobota ya pamba yakipakiwa katika magari aweza kujua kwamba mmea wa shamba la baba yake ni wa namna ile iliyowahi kuwachukua watu angani.

Lakini najua kwamba mzee mwenye kupinga hajajibiwa bado. Atasema, “Mwalimu, umesifu kazi ya mikono; lakini mbona ni chombo cha kuua?” Swali hilo ni la haki, wala lisipuuzwe. Nami namjibu kwamba kwa sababu hiyo hiyo mtoto asifichwe habari.

Hapa kwetu vita vya angani si hadithi ya mbali. Mwaka 1979, katika vita vya Tanzania na Idi Amin wa Uganda, serikali ya Libya ilimsaidia Amin. Mwezi wa Machi mwaka huo eropleni ya vita ya Libya ilitumwa kuushambulia mji wa Mwanza. Haikupata shabaha yake. Ilipiga kisiwa cha Saanane, mahali pa kutunzia wanyama, na wanyama kadha wa kadha wakafa.  Mtoto aundaye mfano wa eropleni kama ile na ajue habari hii, asije akadhani ya kuwa bomu huwaangukia waovu peke yao.

Ajue na habari ya pili. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa Tanganyika miongoni mwao, ilishuka bonde la Kabaw katika nchi ya Burma wakati wa mvua kubwa. Njia ziligeuka tope, magari yakashindwa kupita. Askari hao walilishwa na eropleni za jeshi, zilizowadondoshea chakula na mahitaji mengine kutoka angani. Wako waliorudi nyumbani wakiwa hai kwa sababu ya chombo kile. Yote mawili ni kweli, na mtoto ajifunzaye nusu tu ya habari amedanganywa, iwe ni nusu ya sifa au nusu ya msiba.

Kuchoma mfano wa mabua hakumfundishi mtoto lolote katika hayo. Humfundisha kujificha tu. Kesho atatengeneza mwingine nyuma ya zizi, mahali ambapo hapana mtu wa kumwambia habari za Mwanza wala za Burma. Na yule amwachaye acheze bila neno hafanyi jambo jema kuliko yule achomaye, kwa maana amempa wembe na hakumwonyesha makali.

Basi, wanafunzi, kama mwataka kuanza, msingoje injini. Chukueni ufito wenye urefu wa mita 2. Fungeni nchani uzi wenye nguvu wa mita 4, na mwisho wa uzi fungeni eropleni ya mabua kwenye bawa lake la kushoto. Wekeni udongo wa mfinyanzi kidogo puani, ili isiwe nzito mkiani. Mmoja na asimame katikati, ageuke kuelekea kushoto kwake huku akiizungusha kwa ufito. Ikiinua pua mno, ongezeni udongo. Ikiinama mno, punguzeni. Andikeni kila badiliko katika daftari. Kwa namna hii mtajifunza mengi ambayo aliye na injini amejifunza kwa gharama kubwa.

Kwa habari ya mahali, chagueni kiwanja kikubwa kisicho na mti wala jiwe. Msirushe kamwe karibu na nyaya za umeme, wala wakati wingu la radi linapokaribia, kwa sababu waya wa eropleni ukigusa waya wa umeme, mwenye mpini aweza kufa. Wadogo zenu wakae nje ya duara. Na ikiwa siku moja mtapata injini, mkumbuke kwamba rafadha ikizunguka haionekani vema, nayo hukata vidole.

Na mtoto ambaye moyo wake haupendi vita asilazimishwe. Upande wa mashariki wa mkoa wetu iko Serengeti, na huko Profesa Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabu wanyama kutoka angani mwaka 1958, kwa eropleni ndogo iliyopakwa milia kama punda milia. Tarehe 10 Januari 1959 eropleni hiyo iligongana na tumbusi, ikaanguka, na Michael akafa. Huo nao ni mfano unaostahili kutengenezwa, na habari yake kujulikana.

Mzee akiwajia na kuuliza mnafanya nini, msikimbie. Msalimuni kwa adabu, mmwonyeshe daftari lenu la vipimo, kisha mmweleze eropleni ile ilikuwa ya nani, iliruka mwaka gani, na iliwatenda watu nini. Ninyi mkiweza kumjibu maswali hayo matatu, nadhani hatatafuta kiberiti. Msipoweza, rudini darasani kwanza, kwa maana eropleni yenu haijawa tayari kuruka.