Ridhaa Tuliyoitoa

Mwezi wa Aprili 2014, baada ya miripuko ya mabomu katika mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, serikali ya Kenya ilianzisha msako ulioitwa Usalama Watch. Askari kwa maelfu wakaingia mtaani humo, wakagonga milango usiku, wakadai vitambulisho, na wakawasomba watu wa asili ya Kisomali, mkimbizi na raia bila ya kubagua, wakawajaza katika vituo vya polisi na hatimaye katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Dhulma ya askari hao imekwisha kuandikwa na wengi, na yafaa iandikwe. Lakini mimi nataka kusema juu yetu sisi tuliokuwa nje ya uzio, tusiobeba bunduki wala kupokea hongo, ambao lau tungaliukataa msako ule hadharani, usingalidumu hata juma moja.

Hofu tulikuwa nayo, na ilikuwa na sababu, maana Septemba ya mwaka uliotangulia watu 67 waliuawa katika jengo la Westgate. Lakini hofu ile tuliielekeza kwa jirani zamani kabla ya serikali kutuamrisha. Novemba 2012, bomu liliporipuka ndani ya matatu huko huko Eastleigh, walikuwapo raia waliotoka na mawe kuvunja maduka ya Wasomali. Na hata wale ambao hawakuokota jiwe, aghalabu walikiacha kitupu kiti kilicho kando ya mama mwenye buibui, safari nzima, huku abiria wengine wamesimama wakining'inia. Wenye nyumba nao wakawaambia wapangaji wao watafute kwingine. Dola, ambayo kazi yake kubwa ni kuzisoma nyuso za wapiga kura, iliyaona yote hayo, ikafahamu ni nani awezaye kukamatwa pasi na mtu kuuliza.

“Kama huna hatia, unaogopa nini?” Hayo ndiyo tuliyokuwa tukiambiana ofisini na vibandani, na yalitutosha. Hatukutaka kusikia kwamba mtu mwenye kitambulisho halali aliambiwa ni cha bandia, akalala kituoni hadi jamaa zake walipochanga fedha za kumtoa. Wala hatukujiuliza kwa nini kijana wa Wajir alazimike kusimama mbele ya kamati na kuthibitisha babu yake ni nani ndipo apewe kitambulisho, ilhali sisi twakichukua kama haki, jambo ambalo Rais hakutangaza kulikomesha ila Februari 2025.

Linalonitia huzuni zaidi ni kwamba mji huu ulikwisha kuyaona mambo haya kwa macho yake. Tarehe 24 Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, Waingereza waliuzingira Nairobi, wakawakusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu, na watoa habari waliofunikwa magunia kichwani wakatikisa vichwa kuonyesha nani azuiliwe na nani aachwe. Watu wa makabila mengine waliruhusiwa kwenda zao, wakaenda. Miaka 60 baadaye, katika mwezi ule ule, walikuwamo miongoni mwa wajukuu wa waliosimama ndani ya seng'enge ile waliosema kwamba Wasomali wamejitakia.

Desemba 2014 Bunge, katikati ya makelele na masumbwi, likapitisha sheria ya kurekebisha sheria za usalama, ambayo pamoja na mengine ilitaka wakimbizi nchini wasizidi 150,000, hali walikuwa wamepindukia idadi hiyo mara kadhaa. Mahakama Kuu ikavifuta vifungu 8 vyake Februari iliyofuata, na shukrani ni kwa wale waliokwenda kushtaki. Lakini hakimu hana uwezo wa kuyafuta mazoea, na mazoea ya mtu kutwaliwa na watu wasiovaa sare, asionekane tena kituoni wala kortini, yalikwisha kuota mizizi Mombasa, Garissa na Mandera miaka mingi kabla ya Juni 2024, vijana waliopinga Muswada wa Fedha walipoanza kutoweka kwa namna ile ile. Nchi nzima ilighadhibika, na ilikuwa na haki ya kughadhibika. Wazazi wa Nairobi wakazunguka na picha za wana wao, wakipita njia ambayo kina mama wa pwani na wa kaskazini mashariki walikwisha kuipita, nao siku zile tukiwauliza mtoto wao alikuwa amefanya nini.

Basi tunapodai uchunguzi wa waliotekwa mwaka 2024, nasi lazima tuudai, tudai pia kwamba majalada ya Garissa, Mandera na Mombasa yafunguliwe pamoja nao, na kwamba katika orodha itakayosomwa mbele ya taifa majina ya huko yatangulie, kwa kuwa wao ndio waliotangulia kuchukuliwa.