Kwa nini mshale wa kukata kushoto huwakera madereva

BARABARA ya lami inayopita Lamadi, Bariadi na Maswa imewafungulia madereva wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, safari za miji mikubwa. Katika miji hiyo, baadhi ya taa za barabarani zina mshale wa kukata kushoto, na wapo madereva wanaouona kuwa unawachelewesha bure.

Hoja yao ina msingi. Nchini Tanzania magari hupita kushoto, hivyo anayekata upande huo hakatizi njia ya magari yanayotoka mbele yake. Ndiyo maana anayesimama kusubiri mshale hupigiwa honi na walio nyuma.

Hata hivyo, hesabu hiyo inahusu magari tu. Anayekata kushoto humkatiza mtembea kwa miguu anayevuka barabara anayoiingia, na pia mwenye baiskeli au bodaboda anayekwenda moja kwa moja pembeni yake. Mkulima wa pamba anayekwenda mjini Bariadi kwa baiskeli hana bodi ya kumkinga.

Taa ikiwa nyekundu na mshale haujawaka, sheria ni kusimama. Honi ya nyuma haibadili rangi ya taa.