Nyumba za Leta ni za nani? Baraza za komine zitujibu

Vijana wenzetu wa Lubumbashi,

Tangu uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, komine zetu ziko na washauri waliopigiwa kura na raia. Wazazi wetu walingojea jambo hilo miaka na miaka. Leo tunawapa washauri hao ulizo moja: mu komine yenu kuko nyumba ngapi za Leta, nani anakaa ndani, na feza ya kodi inaenda wapi?

Tunauliza kwa sababu mji huu haukuota wenyewe kama majani. Miaka ya 1950, Ruashi ilijengwa na Office des Cités Africaines, ofisi iliyoundwa mwaka 1952 kwa kujenga nyumba za watu weusi mu miji mikubwa. Katuba ilishika njia nyingine: mtu alikopeshwa vifaa, akasimamisha nyumba yake, kisha akalipa deni pole pole. Hatusifu ukoloni. Mitaa hiyo iliwekwa mbali na mji wa wazungu, na shabaha ilikuwa kumchunga mfanyakazi kuliko kumheshimu. Lakini nyumba zile zingali zinasimama, na familia zetu nyingi zinalala ndani mpaka leo.

Kisha uhuru, nyumba nyingi zilipita mikononi mwa waliokuwa wanakaa ndani. Si vibaya: mzee aliyelipa mwezi kwa mwezi, nyumba ni haki yake. Ubaya ni kwamba vitu vya wote vilibaki yatima. Mwenye nyumba anatengeneza bati lake, lakini mfereji wa avenue ni wa nani? Mvua ya Januari njo inatujibu: maji inaingia mpaka chini ya kitanda. Kiwanja tulichochezea mupira kinakatwa vipande, kinauzwa. Na nyumba za Leta zilizobaki, mkubwa anaingia kama mpangaji, anatoka kama mwenye mali. Karatasi tu.

Sisi je? Tuko na diplome, kazi hakuna, na wengi wetu tunalala mu salon ya wazazi. Ukitafuta chumba kimoja, wenye nyumba wengi wanakuomba garanti ya miezi sita, tena kwa dola, na komisioneri anangojea mwezi wake pembeni. Na sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi tatu. Katiba, kifungu cha 48, inasema kila mtu ana haki ya makao ya heshima. Ofisi ya Habitat iko pale pale mu komine. Wangapi kati yetu waliingia mule na mashtaka, wakatoka na haki yao?

Tunajua watatuambia: "Komine haina feza." Ni nusu ya ukweli. Sheria ya mwaka 2008 juu ya miji, komine na sekta inazipa 40% ya sehemu ya feza za taifa inayofika kwa jimbo. Kama feza hiyo haifiki, washauri wapaze sauti, na sisi tutasimama nyuma yao barabarani. Lakini kuandika orodha ya nyumba haiombi milioni. Inaomba daftari, kalamu, na mtu asiyeogopa.

Kwa hiyo tunaomba kila baraza ya komine ya Lubumbashi:

1. Itoe orodha ya nyumba na viwanja vyote vya Leta: namba, avenue, nani anakaa, analipa kiasi gani. Ibandikwe kwa ukuta wa ofisi, kwa Kiswahili na Kifaransa.

2. Kodi ya nyumba hizo iwekwe mu konti ya pembeni, na itengeneze kwanza mabati, vyoo na mifereji. Kila miezi mitatu burugumestre aonyeshe hesabu mbele ya baraza.

3. Kusiuzwe tena kiwanja hata kimoja cha wote mbele raia wa mtaa hawajasikilizwa.

4. Ofisi ya Habitat isimamie ile miezi tatu ya garanti, na iandike mashtaka yote bila kuomba "ya mafuta".

5. Baraza ijifunze kwa Katuba: mfuko mdogo wa kukopesha simenti na mabati kwa familia na vijana, na kazi za kutengeneza zipewe vijana wa mtaa waliosomea ujenzi. Hii haitamaliza shida yote, ila itaonyesha feza yetu inarudi kwetu.

Na wewe unayesoma, kazi yako ni hii. Uliza majina ya washauri wa komine yako. Piga picha ya mfereji uliokufa mbele ya kwenu, ya kiwanja kinachokatwa, na uandike tarehe na avenue. Uliza siku ya kikao cha budget, na siku hiyo twende wote, bila jiwe, bila tusi, na ulizo letu kwa karatasi. Wao njo wanapiga kura ya budget hiyo. Hawana namna ya kusema "haituhusu".

Walituomba kura, tukawapa. Sasa sisi tunaomba orodha.