Mlango wa Banda la Mboga

Wengi waliojenga banda la mboga, lililoezekwa kwa nailoni na kuzungushiwa wavu, hudhani kwamba wamekwisha agana na wadudu. Dhana hiyo ndiyo inayowatia hasara. Wavu humzuia mdudu aliye nje, lakini akipenya mmoja tu, wavu huohuo humlinda. Ndani hakuna mvua ya kumwangusha, hakuna ndege wala nyigu wa kumla, na joto lampendeza.

Mfano ni nondo wa nyanya, ambaye wataalamu humwita Tuta absoluta. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania. Mwaka 2014 alikwisha fika Kenya na Tanzania, na mwaka 2015 akathibitishwa Uganda. Ni mdogo, wa rangi ya kijivu, hafikii sentimita moja, na mchana hujificha kati ya majani. Jike aweza kutaga mayai 250. Kiwavi akianguliwa huingia ndani ya jani, akala nyama yake na kuacha ngozi ya juu na ya chini, hata jani likaonekana kama limeungua. Baadaye hutoboa tunda.

Hapo ndipo mshahara unapoteketea. Mwenye banda hununua dawa, akanyunyiza, akarudia dawa ileile juma lifuatalo. Dawa isiyopenya ndani ya jani haimfikii kiwavi, na wale wanaosalimika huzaa kizazi kilichoizoea. Ubaya zaidi, katika kambi banda huwa hatua chache kutoka jikoni. Nyanya huchumwa jioni ileile, kabla ya kwisha siku za kungoja zilizoandikwa kwenye chupa. Mtoto ndiye wa kwanza kuitafuna mbichi.

Kazi yenye faida huanzia mlangoni. Iwepo milango miwili yenye chumba kidogo kati yake, wa pili usifunguliwe kabla wa kwanza haujafungwa. Askari yeyote aliyelinda lango hahitaji kufundishwa jambo hilo. Miche ikaguliwe jani kwa jani kabla ya kuingizwa. Kreti zilizotoka sokoni zibaki nje. Wavu uliochanika ushonwe siku hiyohiyo.

Mnavu huleta ubishi, kwa kuwa ni mboga ipendwayo na akina mama wengi. Lakini nondo huyu huzaliana humo pia, kama katika bilinganya na viazi ulaya. Basi upandwe mbali na banda.

Beseni la maji ya sabuni, lililotundikiwa juu yake kidonge chenye harufu ya jike, huzamisha madume na kumjulisha mwenye banda mapema kwamba adui yumo, ingawa peke yake halimmalizi. Majani yenye michirizi yachumwe kila siku, yafungwe katika mfuko wa nailoni na kuachwa juani. Kuyatupa nyuma ya banda ni kumpa nondo ruhusa ya kurudi.

Mavuno yakiisha, mashina yote yang'olewe na kuondolewa, na banda lifungwe tupu kwa majuma sita, maana baadhi yao hujigeuza nondo wakiwa udongoni.